Nani Anayeumwa na Majimoto?

Msimu wa karafuu uliopita dada yangu alinipigia simu kutoka Pemba asubuhi na mapema, mimi bado sijavaa viatu vya kazini hapa Leicester. Anayepiga simu saa kama hizo aghalabu ana habari ya msiba, kwa hivyo niliipokea huku moyo unanidunda. Haukuwa msiba. Walikuwa majimoto.

"Mdogo wangu, wachumaji wameteremka," aliniambia. "Mikarafuu ya bondeni imejaa majimoto, mtu akishika tawi tu mkono unawaka. Wawili wameshakwenda zao kwa jirani. Hawa waliobaki wanasema hawapandi mpaka tupige dawa." Alitaka nitume pesa za dawa na za kukodi bomba la kupigia, na dawa yenyewe ipigwe shamba zima, si mikarafuu peke yake bali minazi na michungwa pia, ili wasipate pa kurudia. Akamaliza kwa maneno ambayo kila aliyekulia Pemba anayajua: karafuu haimngoji mtu. Tumba likishachanua, thamani yake imekwenda.

Nikamwambia nitatuma. Nikavaa viatu, nikapanda basi, na njia nzima nikawa najiuliza kwa nini jambo dogo kama hilo limenikaa kooni. Naliandika hapa kwa sababu nadhani wengi wetu tumo katika hali hiyo hiyo. Tunaletewa habari za shamba, tunatuma pesa, na kwa pesa hizo tunaamua mambo ambayo uchungu wake hautufikii sisi.

Kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa huku, ambao chungu wanayemjua ni yule mweusi wa jikoni, sina budi kueleza kwanza. Majimoto ni chungu wa rangi nyekundu inayoelekea kahawia, mwenye miguu mirefu, anayeishi juu ya miti. Hachimbi shimo. Nyumba yake ni majani mabichi yaliyoshonwa pamoja yakawa kama mpira. Kushona kwenyewe ni ajabu. Kundi la chungu hushikana viunoni, wakavuta kingo za majani mawili mpaka zikakutana, kisha wengine huja wamebeba watoto wao wachanga midomoni. Mtoto hutoa uzi wa hariri, na mkubwa humpeleka huku na huku kati ya majani mawili kama fundi anavyopeleka sindano. Akikuuma hukutemea asidi papo hapo kwenye jeraha, na ndipo lilipotoka jina la maji moto. Aliyewahi kuumwa shingoni haulizi kwa nini wameitwa hivyo.

Mimi niliumwa shingoni nikiwa na umri wa miaka kumi na moja hivi, juu ya mnazi wa babu, nikiangua madafu. Niliteremka nalia, na kilio kilipokwisha ikabaki hasira. Mchana ule ule nikafunga makuti makavu kwenye ncha ya mwanzi, nikayawasha, nikazunguka minazi mifupi yote iliyokaribia nyumba na michungwa miwili, nikachoma kila kiota nilichokifikia. Nakumbuka mlio wake, kama chumvi inayotupwa motoni. Nilijiona shujaa.

Babu hakunipiga. Alitazama majani yaliyoungua, akasema, "Umewafukuza walinzi, sasa utalinda wewe." Sikumwelewa. Miezi kadhaa baadaye vidaka vikaanza kuanguka chini ya ile minazi, vidogo, vina makovu na vinatoka utomvu kama gundi, na kazi yangu kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni ikawa kuvifagia na kumpa babu hesabu. Leo najua kwamba vidaka huanguka kwa sababu nyingi, ukame ukiwa mmojawapo, na mtoto mmoja mwenye mwenge hawezi kubeba lawama yote. Lakini babu alikuwa na hakika yake, na siku moja nilipomuuliza kama ni kweli chungu wanatulinda, alicheka. "Wanatulinda sisi? Hata hawatujui. Wanalinda nyumba yao. Sisi tumekaa uani kwao tu."

Jibu hilo ndilo lililonirudia ndani ya basi. Maana ukilitazama vizuri ndani yake mna swali zito: je, mtu anaweza kuwa na deni kwa kiumbe ambaye hakukusudia kumtendea wema wowote?

Kwanza niseme kwamba babu, ambaye hakusoma skuli hata siku moja, hakukosea kuhusu minazi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa wadudu aitwaye Michael Way alifanya kazi Zanzibar akichunguza kwa nini minazi mingi inaangusha vidaka. Alimkuta mdudu mnyonyaji, mwembamba, wa rangi ya kahawia, mwenye mdomo kama sindano, ambaye hukichoma kidaka na kukitia sumu ya mate yake. Mdudu huyo mpaka leo jina lake la kitaalamu limebeba jina la Way. Na aligundua kuwa mnazi uliokaliwa na majimoto wengi huwa na wadudu hao wachache sana, kwa sababu majimoto huwinda kila kinachotambaa juu ya mti wao. Wachina walilijua jambo hili zamani zaidi. Kitabu chao kinachonasibishwa na mwaka 304 kinaeleza jinsi viota vya ndugu wa majimoto wetu vilivyokuwa vikiuzwa sokoni ndani ya mifuko, watu wakavitundike kwenye michungwa yao.

Lakini si kila chungu ni mlinzi. Way alimkuta mwingine, mdogo kabisa, wa rangi ya kahawia, anayeishi ardhini kwenye mashina, ambaye askari wake wana vichwa vikubwa kupita kiasi kulinganisha na viwiliwili vyao. Huyu kichwa kikubwa huwapiga vita majimoto na kuwafukuza mtini. Akishatawala yeye, mdudu wa vidaka hupata nafasi, maana kichwa kikubwa hamshughulikii. Kwa macho ya mkulima, chungu ni chungu, na huyu asiyeuma sana ndiye mwenye adabu. Kumbe mwenye adabu ndiye anayemwachia mwizi mlango.

Mwaka 2011, karibu miaka sitini baada ya utafiti wake wa kwanza, Way huyo huyo pamoja na Seguni, mtafiti wa Tanzania, na mwenzao Van Mele walichapisha matokeo kutoka mashamba ya michungwa. Waliona kwamba ukilisafisha shamba likabaki udongo mtupu, vichwa vikubwa huhamia kwenye mashina na kuwang'oa majimoto. Ukiacha majani chini ya miti, vichwa vikubwa hukaa huko chini na majimoto hukaa juu kwa salama. Niliposoma hayo nilimkumbuka jirani yetu aliyesifiwa kijiji kizima kwa kupalilia mpaka shamba likang'aa kama msala, na babu aliyesemwa kuwa mvivu.

Sasa naomba tuondoke kisiwani kidogo, kwa sababu huyo kichwa kikubwa naye hakukaa kisiwani. Wataalamu wengi wanadhani asili yake ni visiwa vya Bahari ya Hindi. Leo yumo katika nchi nyingi za joto, amebebwa na watu ndani ya udongo wa miche na mizigo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alianza kuonekana kwenye nyanda za Laikipia, Kenya, na alichokifanya huko ni kisa ambacho sijapata kukiona kinachoonyesha vizuri zaidi mdogo anavyoweza kushika maisha ya wakubwa.

Laikipia kuna mgunga mfupi unaoota kwenye udongo mweusi, maelfu kwa maelfu. Miiba yake mingine imevimba chini kama vibuyu, na ndani ni mitupu. Chungu hutoboa matundu na kuishi humo, na upepo ukipita matunduni miti hupiga mluzi. Mti huwapa chungu nyumba na asali inayotoka kwenye majani, na chungu huulinda. Ndovu anaweza kung'oa mti mzima kama mtu anavyong'oa mchicha, lakini huogopa kuingiza mkonga wake mahali ambapo chungu wataingia puani. Kwa hivyo tambarare nzima ya miti ilikuwa imesimama kwa ajili ya walinzi wa uzito wa miligramu chache kila mmoja.

Kichwa kikubwa alipofika aliwaua walinzi hao, watu wazima na mayai yao. Miti ikabaki bila ulinzi, na pale alipoenea ndovu waliivunja mara tano mpaka saba zaidi kuliko kwingineko. Nyika ikafunguka. Simba, ambaye humnyemelea punda milia akijificha nyuma ya miti, akakosa pa kujificha. Januari 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Mkenya Douglas Kamaru, na hesabu zake ni za kushangaza. Mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba katika eneo hilo. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 42. Nyati, ambao mwanzo hawakuwemo katika hesabu kabisa, walifika asilimia 42. Simba hawakupungua, ila walilazimika kugeukia mnyama ambaye kumwangusha ni hatari zaidi na kunahitaji simba wengi. Chungu mmoja kamfukuza chungu mwingine, na simba akabadilisha chakula chake.

Wataalamu humwita kichwa kikubwa mvamizi. Nakiri neno hilo hulisoma kwa tahadhari, kwa kuwa nimelisoma kwenye magazeti ya hapa likitumiwa kwa watu waliokuja na mabegi kama langu. Chungu huyo hakuchagua kwenda Laikipia. Alibebwa. Na hata hivyo siwezi kusema kwamba hakuna kilichovunjika kwa kufika kwake. Mambo yote mawili ni kweli, na sijui njia ya kulifuta moja ili nilipate jingine kwa raha.

Kuna jaribio jingine la huko huko Laikipia ambalo mimi hulipenda zaidi, ijapokuwa halina simba. Tangu mwaka 1995 sehemu fulani zilizungushiwa uzio usiopitisha ndovu, twiga wala wanyama wengine wakubwa. Ungetarajia migunga ya ndani istawi, kwani hakuna anayeila. Mwaka 2008 watafiti walieleza waliyoyakuta baada ya miaka kumi. Miti, kwa kuwa haikuguswa tena, ilipunguza asali na kupunguza ile miiba ya nyumba. Walinzi hodari wakadhoofika, na wakaingia chungu wa aina nyingine wasioulinda mti na ambao hukaa kwenye mashimo yaliyochimbwa na mabuu wa bungo'o wa miti. Miti iliyokaliwa na hao ilikua polepole zaidi na kufa kwa wingi zaidi. Mti ulioondolewa adui wake ukaacha kumlipa mlinzi wake. Nimeshawahi kulifikiria jaribio hilo nikiwa kwenye foleni ya kutuma pesa nyumbani, mwezi ambao nilikuwa natafuta sababu ya kutotuma.

Yako mengi ya aina hii na siwezi kuyamaliza. Mchwa, ambao wengi huwachanganya na chungu lakini kwa nasaba wako karibu zaidi na mende, huleta juu udongo wa chini, huuchanganya na mate, huutoboa njia za hewa na maji. Laikipia vichuguu vyao vimepangika kwa umbali unaokaribia kulingana, na utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kadiri unavyokaribia kichuguu ndivyo mimea inavyostawi na wadudu na mijusi wanavyoongezeka. Burkina Faso, mzee Yacouba Sawadogo, aliyefariki Desemba 2023, aliirudisha ardhi iliyokufa kwa kuchimba vishimo wakati wa kiangazi na kutia samadi ndani yake. Mchwa huifuata samadi, hutoboa ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu, na mvua ikija maji yanapata pa kuingilia. Majirani zake mwanzoni walimwona mwendawazimu. Kwetu sisi mchwa ni mla milango na vitabu, na mara moja kwa mwaka, akiota mabawa, ni kumbikumbi wa kukaanga.

Basi nilimpigia simu dada jioni ile nikiwa na hoja zangu zote. Nikamweleza habari za vidaka, za Way, za ndovu na simba. Nikamkumbusha hata kisa tulichosomeshwa chuoni, cha Nabii aliyeumwa na chungu chini ya mti akaamuru kijiji kizima cha chungu kichomwe, akaulizwa na Mola wake kwa nini hakumwadhibu yule mmoja aliyemuuma. Nilisema kwa ufasaha, naona haya kukiri. Dada alinyamaza, kisha akasema: "Haya yote nimeyasikia. Na wewe utapanda?"

Nikasema masafa ni marefu.

"Basi. Rahisi kuwahurumia ukiwa Ulaya."

Swali lake lilinichukua siku mbili. Hoja yangu yote ilisimama juu ya faida: tuwaache majimoto kwa sababu wana manufaa. Lakini faida ni hoja yenye ncha mbili. Juu ya mnazi, sawa, majimoto ana faida kwetu. Juu ya mkarafuu mambo si wazi hivyo. Way huyo huyo alionyesha kwamba juu ya mikarafuu majimoto hufuga vidugamba, vidudu vidogo vinavyonyonya utomvu wa mti na kuwapa chungu maji matamu, na chungu huvichunga kama mfugaji anavyochunga mbuzi. Kwa mkarafuu basi, majimoto anaweza kuwa mlinzi wa mwizi. Ikiwa kipimo ni faida yetu tu, dada alikuwa na haki ya kuwaua bondeni na kuwaacha kwenye minazi, na kesho faida ikigeuka na hukumu igeuke. Tungekuwa tunamtendea chungu kama bosi anavyomtendea kibarua wa siku.

Tena faida ina bei, na bei hupangwa na yeyote mwenye mfuko. Aprili 2025 vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa Kenya wakiwa na chungu malkia wapatao 5,000 ndani ya vichupa vya maabara, ili wauzwe kwa watu wa Ulaya na Asia wanaofuga chungu majumbani ndani ya vioo. Mwezi uliofuata mahakama jijini Nairobi iliwatoza faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja au kifungo cha mwaka. Wengi kwetu walicheka: milioni kwa chungu! Lakini kila malkia yule angekuwa mama wa kundi zima, kundi ambalo lingebeba mbegu, lingegeuza udongo, lingekuwa chakula cha ndege. Ndani ya kichupa alikuwa bidhaa tu, na bei yake haikuhesabu hata moja ya hayo.

Kwa hiyo nikajaribu njia nyingine, ile ya tabia njema. Vitabu humtumia chungu kama mwalimu wa bidii; Biblia humpeleka mvivu kwake akajifunze. Hapa nako kuna mtego. Watafiti wa Arizona waliowatia chungu alama za rangi mmoja mmoja, wakachapisha matokeo yao mwaka 2015, waliona kuwa sehemu kubwa ya kundi muda mwingi haifanyi kitu. Wamekaa tu. Kumheshimu chungu kwa sababu ni mchapakazi ni kumpenda kwa sababu tunadhani anafanana na sisi tunavyotaka kuwa, na siku akionekana amelala heshima inakwisha.

Kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa kidogo. Wale wadudu walikuwepo bondeni kabla ya karafuu kupandwa. Hawana nia nasi, njema wala mbaya. Kuuma kwao na kulinda kwao ni tendo moja, taya zile zile, asidi ile ile. Siwezi kuagiza moja nikakataa jingine. Na mimi sijui vya kutosha kuhusu bonde lile, nani anamla nani, nani anamzuia nani, kiasi cha kuamuru kundi zima liondoke kwa bomba la dawa. Watu wa Laikipia hawakujua kwamba simba wanamtegemea chungu mpaka chungu alipokwisha kuondoka. Kutojua huko, kwangu mimi, ni sababu yenye nguvu kuliko faida. Deni silioni vizuri bado, labda kwa sababu babu alisema kweli na hawatujui. Lakini mtu anayekaa uani kwa wenzake hahitaji kuwa na deni ili ajizuie kuchoma nyumba.

Ningeliishia hapo ningejiona nimefikiri vyema. Lakini siku ya tatu dada alimpa simu mmoja wa wachumaji, mtu mzima, baba wa watoto, sauti yake ya upole kabisa. Akaniamkia, akasema:

"Mimi sina ugomvi na chungu, bwana. Tangu mdogo nawajua. Ugomvi wangu ni na nyinyi wenye shamba. Mkarafuu wenye chungu na mkarafuu usio na chungu mnanilipa kilo bei moja. Kwenye ule wa chungu nachuma nusu ya kilo za mwenzangu, na usiku silali kwa kuwashwa. Sasa ukisema tusiwaue, sawa. Lakini huruma hiyo nani anailipa?"

Nilikosa la kusema. Siku mbili nilikuwa nikiwapima chungu na karafuu, simba na ndovu, na katika mizani yangu hakukuwa na mkono wa mtu. Nilimchukua mchumaji kama sehemu ya bei ya wema wangu, bila kumuuliza. Tena mimi, ambaye hapa nilipo nimefanya kazi ghalani miaka minne, na kila mara wakubwa wakiamua jambo jema kwa ajili ya mazingira huwa sisi wa zamu ya usiku ndio tunaolibeba migongoni, na huwa nanung'unika.

Ninavyoona sasa, anayeamua kumwachia kiumbe uhai wake si lazima aumwe yeye mwenyewe, lakini lazima amlipe anayeumwa. Bila ya hapo huruma yetu ni ya mkopo, na mkopaji si sisi. Nasema hivi kwa sababu nawaona ndugu zetu wengi wa huku, nami nikiwemo, tukiwaandikia watu wa nyumbani wasikate mikoko, wasichome makaa, wasivue kwa nyavu ndogo. Maneno yote ni ya kweli. Mikoko ni kinga ya pwani. Lakini ni mara chache barua hizo huwa na pesa ya gesi ndani yake.

Tuliafikiana hivi. Minazi na michungwa isiguswe, na majani yaliyo chini yake yaachwe yasipaliliwe mpaka udongo mtupu. Kwenye mikarafuu, siku mti unapofika zamu yake ya kuchumwa, viota vilivyo kwenye matawi ya kupandia vikatwe alfajiri, kabla hawajachangamka, vikatupwe mbali. Vilivyo juu kabisa viachwe. Wachumaji wapake majivu mikononi na shingoni kama wazee walivyokuwa wakifanya, maana chungu hawapendi kutembea juu ya majivu. Na kila kilo itakayotoka kwenye mti wenye majimoto ilipwe nusu zaidi. Pesa zilizohitajika zilikuwa karibu mara mbili ya zile za dawa. Nilizituma kwa mafungu, na fungu la pili lilichelewa.

Wale wawili waliokwenda kwa jirani, mmoja alirudi. Mikarafuu miwili iliyo karibu na jamvi la kuanikia dada aliipiga dawa, kwa sababu watoto wa kuchambua karafuu hukaa chini yake. Aliniambia mwenyewe, hakunificha, wala sikumlaumu. Mingine yote ilichumwa na miwili mitatu ikachelewa, ikachanua.

Mpwa wangu nimemwomba ahesabu vidaka vinavyoanguka chini ya minazi ya babu kila Ijumaa na kunitumia hesabu kwa simu. Mpaka sasa nimepata hesabu za wiki tano, na mbili kati ya hizo nashuku alizikisia.